Kabla ya Kuhesabu Ahadi: Habari za Mwanahistoria wa Vileo na Vyama vya Kiasi

Vitabu vya Jubilii hupenda hesabu. Twahesabu waliobatizwa, makanisa yaliyojengwa, shule zilizofunguliwa na walimu waliotumwa. Na katika vitabu vingi vya namna hii haikosekani hesabu ya watu walioweka ahadi ya kuacha pombe. Mwandishi huitaja idadi yao kwa furaha, kisha hufungua sura nyingine. Ni haki kufurahi. Lakini hesabu ya ahadi siyo historia ya ulevi, wala siyo historia ya kuacha ulevi. Haituambii kwa nini mtu yule alikunywa, wala nani alipata faida kwa kunywa kwake, wala ahadi ile ilidumu miezi mingapi, wala ni kitu gani kilichomsaidia asirudi nyuma. Mambo hayo yataka mtafutaji mwenye subira. Hapa twapenda kueleza habari za mtafutaji mmoja wa namna hiyo, Mwingereza aitwaye Brian Harrison, na mambo aliyoyafunua, kwa kuwa yatufaa sisi tunaoandika habari za makanisa yetu.

Harrison alizaliwa mwaka 1937, akasoma katika Chuo Kikuu cha Oxford. Katika miaka ya 1960, ilipompasa kuchagua jambo la kuchunguza ili apate daraja ya udaktari wa elimu, alichagua habari za vyama vya kiasi vya Uingereza. Hivyo vilikuwa vyama vya watu waliopatana kujizuia na vileo na kuwavuta wenzao wajizuie pia. Katika karne ya 19 vilivuma sana, vikawa na magazeti yao, nyimbo zao, kumbi zao, maandamano yao na hata hoteli zao. Lakini ilipofika katikati ya karne ya 20 vilikuwa vimefifia, na wasomi wengi waliviona kuwa jambo la kuchekwa tu: watu wakali wenye nyuso za kununa, waliotaka kuwanyang'anya maskini furaha yao. Harrison hakuwacheka, wala hakuwatungia sifa. Alisoma magazeti yao yaliyosahauliwa, vijitabu vyao, taarifa za mikutano yao na habari za Bunge. Tena alisoma maneno ya adui zao, watengeneza bia na wenye nyumba za bia, apate kusikia pande zote mbili za shauri. Tangu mwaka 1967 alikuwa mwalimu katika Chuo cha Corpus Christi huko huko Oxford, na mwaka 1971 kitabu chake kilichapishwa, kiitwacho Drink and the Victorians. Kinaeleza habari za vileo katika Uingereza tangu mwaka 1815 hata mwaka 1872.

Jambo la kwanza alilouliza lilihusu kileo chenyewe. Kabla ya kusema kwamba watu walifanya vibaya kunywa, yatupasa kujua bia ilikuwa ikiwafanyia kazi gani. Katika Uingereza ya siku zile maji ya mijini yalikuwa machafu, na maziwa yaliharibika upesi. Mwenye kiu alikunywa bia, wala hakuwa mpumbavu. Mwaka 1854 kipindupindu kilipowaua watu wengi karibu na pampu ya maji ya Broad Street, London, daktari John Snow aliona kwamba wafanya kazi zaidi ya 70 wa kiwanda cha bia kilichokuwa pale pale hawakufa kwa ugonjwa ule. Walikuwa wakipewa bia, wala hawakuyanywa maji ya pampu. Bia ilikuwa pia faraja ya wenye maumivu, siku ambazo dawa zilikuwa haba, na watu waliamini kwamba humtia nguvu mwenye kazi nzito.

Na nyumba ya bia nayo ilikuwa na kazi zake. Ndani yake palikuwa na moto na taa, wakati nyumbani kwa maskini palikuwa baridi na giza. Hapo mtu alitafuta kazi, alisikia habari za gazeti, alikutana na wenzake wa chama cha kusaidiana katika ugonjwa na maziko. Hapo pia wengi walipokea mshahara wao, kwa kuwa mabwana wengine waliwalipa watu ndani ya nyumba ya bia, na mfanya kazi alirudi kwa mkewe na sehemu tu ya fedha zake. Desturi hiyo ilikatazwa na sheria kwa wachimba makaa mwaka 1842, lakini kwa kazi nyingi nyingine haikukatazwa mpaka mwaka 1883. Mskoti mmoja, John Dunlop, mwaka 1839 aliandika kitabu kizima juu ya desturi za kulazimishana kunywa. Kijana aliyeingia kazini mara ya kwanza alitozwa fedha za kuwanywesha wenzake, na aliyekataa alionekana kuwa adui wa wote.

Basi mtu wa namna hiyo aliposimama mbele ya mkutano na kuweka ahadi, hakuacha kinywaji peke yake. Aliacha moto wa jioni, na rafiki zake, na pengine kazi yake. Asiyejua mtu huyo aliacha nini hawezi kuipima ahadi yake.

Jambo la pili aliloonyesha Harrison ni kwamba wapinzani wa ulevi hawakuwa kundi moja lenye shauri moja. Wa kwanza, tangu mwaka 1829, walifuata mfano wa Marekani, ambako chama kikubwa kilianzishwa Boston mwaka 1826. Hao walipinga pombe kali tu, kama jin na wiski, bia waliiacha. Wengi wao walikuwa watu wenye cheo. Serikali yenyewe iliona bia kuwa salama kuliko jin, na mwaka 1830 ilitoa sheria kwamba kila mlipa kodi ya nyumba aweza kuuza bia akilipa paundi 2 na shilingi 2 kwa leseni. Waliotunga sheria ile walitumaini kwamba watu wataacha jin. Matokeo yake ni kwamba maelfu ya maduka ya bia yalifunguliwa katika muda mfupi.

Wa pili walitoka kwa watu wa kazi. Katika mji wa Preston alikuwako mtu jina lake Joseph Livesey, aliyezaliwa mwaka 1794. Alifiwa na wazazi wake akiwa mtoto mdogo, akalelewa na babu yake, akawa mfuma nguo katika chumba cha chini chenye unyevu, akajifundisha kusoma huku akifuma. Baadaye aliuza jibini, akapata mali. Yeye aliona walevi wa mji wake hawalewi kwa jin bali kwa bia ile iliyosifiwa na wakubwa. Siku ya tarehe 1 Septemba 1832 watu saba wa Preston, Livesey mmoja wao, walitia sahihi ahadi ya kutokunywa kileo cha namna yo yote. Kisha Livesey alizunguka akifundisha. Katika mafundisho yake alionyesha kwa hesabu kwamba sehemu kubwa ya chakula kilichomo katika shayiri hupotea bia inapotengenezwa. Alichemsha bia mbele ya watu, akakusanya kileo chake, akakiwasha moto, ili waone kwamba kilichobaki si kitu cha kujenga mwili. Hakuwatukana walevi. Aliwapa elimu, kisha akawapa mahali pa kukaa.

Wa tatu walikata tamaa ya maneno, wakataka sheria. Jimbo la Maine huko Marekani lilikataza biashara ya vileo mwaka 1851, na mwaka 1853 chama kilianzishwa Manchester ili kulishawishi Bunge la Uingereza lifanye vivyo hivyo. Tangu mwaka 1864 Wilfrid Lawson alileta Bungeni, mara kwa mara, shauri la kuwapa wenyeji wa kila mahali uwezo wa kuzifunga nyumba za bia kwa kura. Mara kwa mara lilikataliwa. Sheria iliyopita mwaka 1872 ilipunguza saa za kuuza tu, nayo ilileta ghasia. Makundi haya matatu yaligombana wao kwa wao kwa ukali, na pengine ukali huo ulizidi ule waliokuwa nao juu ya wauza bia.

Wasomaji wa kitabu hiki huenda wakatazamia kusikia kwamba makanisa yalikuwa mbele katika vita hivi tangu mwanzo. Haikuwa hivyo. Wachungaji wengi waliona ahadi kuwa mashindano na Injili, kana kwamba mtu aweza kuokolewa kwa kutia sahihi kadi. Wengine waliudhika waliposikia watu wakiitilia shaka divai ya Meza ya Bwana. Mwaka 1841 mkutano mkuu wa Wamethodisti wa Wesley ulikataza divai isiyochachwa katika Ushirika, ukakataza pia nyumba zao za ibada zisitumiwe kwa mikutano ya wakataa vileo. Kanisa la Kiingereza halikuwa na chama chake cha kiasi mpaka mwaka 1862. Huko Ireland padre Theobald Mathew, Mkapuchini wa Cork, alianza kazi yake mwaka 1838. Makutano makubwa yalimfuata, na ilitangazwa kwamba mamilioni wamepokea ahadi kwake. Lakini baada ya njaa kubwa iliyoanza mwaka 1845, na kisha kufa kwake mwaka 1856, wengi walikuwa wamekwisha rudi nyuma. Hesabu iliandikwa upesi, lakini kuwatunza waliohesabiwa hakukuwezekana kwa upesi huo.

Kuna hesabu nyingine iliyo ya uchungu zaidi kwa watu wa kiasi. Unywaji wa bia katika Uingereza haukushuka baada ya ahadi ya Preston. Ulifika kilele chake mwaka 1876, miaka 44 baadaye, kadiri ya galani 34 kwa kila mtu kwa mwaka, yaani lita 155 hivi. Kama mwandishi angekuwa na daftari za ahadi peke yake, angeandika habari za ushindi. Kama angekuwa na hesabu za ushuru wa bia peke yake, angeandika habari za kushindwa. Harrison alizisoma zote mbili, ndipo akaona jambo ambalo daftari hata moja halikulisema.

Aliona kwamba watu wa kiasi walishindwa hasa pale walipopigana na nyumba ya bia uso kwa uso, na walifaulu pale walipofanya kazi yake kwa njia nyingine. Kiu ya bia ilikuwa pia kiu ya maji. Basi maji safi yalipoletwa, sababu moja ya kunywa iliondoka. Mwaka 1859 chama kiliundwa London cha kujenga visima vya bure vya kunywea njiani, na cha kwanza kilijengwa katika ukuta wa kanisa la St Sepulchre. Ushuru wa chai ulipunguzwa tangu mwaka 1853, na chai ikawa kinywaji cha maskini. Palifunguliwa nyumba za kahawa, vyumba vya kusomea, na bustani za watu wote. Tarehe 5 Julai 1841 Thomas Cook, mtu wa chama cha kiasi, alikodi gari la moshi kutoka Leicester kwenda Loughborough, akawachukua watu 500 hivi kwenye mkutano wa kiasi kwa shilingi moja kila mtu. Huo ndio uliokuwa mwanzo wa kazi yake maarufu ya kusafirisha watalii. Mfanya kazi aliyekuwa na mahali pa kwenda siku ya mapumziko hakuhitaji kuhubiriwa sana.

Tena, vyama vile viliwafundisha watu wadogo mambo makubwa. Mtu asiyekuwa na cheo alijifunza kusimama na kusema, kuandika taarifa ya mkutano, kutunza fedha za wengi bila kuiba. Keir Hardie, mchimba makaa aliyeingia Bungeni mwaka 1892 kuwatetea wafanya kazi, alipata mazoezi yake ya kwanza katika chama cha kiasi. Faida hizi hazikuandikwa katika kadi ya ahadi ya mtu ye yote.

Lakini Harrison hakuficha makosa yao. Wengi wao walimwambia maskini kwamba umaskini wake watoka katika chupa, wala hawakutaka kusikia kwamba pengine chupa ilitoka katika umaskini. Yeye alionyesha kwamba mambo hayo mawili hulishana. Mtu anayekaa katika chumba kimoja chenye unyevu pamoja na watoto sita ana sababu ya kukimbilia nyumba ya bia. Na akiisha kukimbilia huko, chumba kile hakiwezi kuwa kizuri. Mhubiri anayesema nusu moja tu ya neno hili amesema uwongo, ijapokuwa nusu ile ni kweli.

Kazi ya Harrison haikuishia hapo. Mwaka 1973 alitoa orodha ya maisha ya watu wa vyama vya kiasi wa Uingereza, wakubwa kwa wadogo. Baadaye akaandika juu ya watu waliopinga wanawake wasipewe kura. Na katika miaka ya 1974 hata 1981 akaenda na chombo cha kunasa sauti kuwasikiliza wazee waliokumbuka vita vya wanawake vya kutafuta kura, na jamaa zao, kabla sauti zile hazijanyamaza. Tangu mwaka 2000 hata 2004 alikuwa mhariri mkuu wa kamusi kubwa ya maisha ya watu wa Uingereza iliyotolewa na Oxford mwaka 2004 katika mabuku 60, yenye habari za watu zaidi ya 50,000. Mwaka 2005 alipewa heshima ya kuitwa Sir. Ukitazama kazi hizo zote, waona desturi moja: hakuanza na fikira kubwa akatafuta watu wa kuithibitisha, bali alianza na watu, mmoja mmoja, akauliza kila mmoja aliishije na alitaka nini.

Sasa, habari hizi za Uingereza zatuhusuje sisi? Zatuhusu kwa kuwa mzozo ule ulivuka bahari. Mwaka 1887 watu wa misioni na watu wa vyama vya kiasi waliunda kamati London kupinga pombe kali za Ulaya zisiuzwe kwa Waafrika, na katika mapatano ya Brussels ya mwaka 1890 mataifa yalikubali kuizuia biashara hiyo, ama kuitoza ushuru, katika nchi zote zilizo baina ya digrii 20 kaskazini na digrii 22 kusini. Afrika ya Mashariki yote imo humo. Walioomba sheria hiyo wengi walikuwa na nia njema. Lakini ilipokuwa sheria ya ukoloni, ilimkataza mtu kwa rangi yake: Mzungu alikunywa wiski yake barazani, na Mwafrika akaitwa mhalifu kwa kinywaji kile kile. Wakati huo huo serikali za miji hazikuchelea kupata fedha kwa pombe ya kienyeji. Huko Nairobi, katika miaka ya 1920, baraza la mji lilishika peke yake haki ya kuwauzia Waafrika pombe, na mwanamke aliyepika pombe nyumbani kwake ili apate riziki alikamatwa.

Mambo haya nayo yamepata mtafutaji wake. Justin Willis, mwalimu wa historia katika Chuo Kikuu cha Durham, alichapisha mwaka 2002 kitabu kiitwacho Potent Brews, juu ya vileo katika Afrika ya Mashariki tangu mwaka 1850 hata 1999. Yeye aonyesha kwamba mabishano ya pombe kwetu mara nyingi yalikuwa mabishano ya mamlaka: nani anywe, kwa ruhusa ya nani, na mbele ya nani. Kibuyu cha pombe kilitolewa kwa mizimu, kwa mahari, kwa kazi ya kulima kwa ujima, kwa kupatanisha waliogombana. Wazee walidai kwamba ni haki yao, na vijana wenye mishahara ya mjini waliivunja haki hiyo. Basi Mkristo wa kwanza aliyekataa kibuyu alikataa mambo mengi kwa mara moja, na wazee wake walijua hivyo kuliko misionari aliyemsifu.

Kwa hiyo twawasihi walimu na makatibu wa makanisa wanaokusanya habari za miaka iliyopita. Zitunzeni daftari za ahadi, maana bila hizo hatujui hata majina. Lakini msiishie kwenye daftari. Mwulizeni mzee aliyeishika ahadi yake ni nini kilichomsaidia, nani alikaa naye jioni, na shamba lake lililimwa na nani alipokuwa hana pombe ya kuwapa wenye ujima. Mwulizeni pia yule aliyeweka ahadi mara tatu na kuivunja mara tatu, kwa upole, bila kumwaibisha, kwa kuwa yeye aujua mlima ule kuliko aliyeupita mara moja. Mwulizeni mama aliyepika pombe akasomesha watoto kwa fedha zake, na huenda mmoja wao ni mwalimu wenu leo. Mwulizeni mke wa mlevi, kwani yeye alihesabu siku ambazo hakuna katibu aliyezihesabu. Andikeni majibu kama mlivyoyasikia, hata yasipopendeza.

Jubilii ijayo wataisoma watoto wetu, na kati yao watakuwamo wanaoshindana na kileo usiku na mchana. Wakikuta humo hesabu za washindi tu, watajiona kuwa wa kwanza kuanguka. Wakikuta habari kamili, watajua kwamba njia hiyo imekwisha pitwa na wengine, tena watajua mahali penye maji.